Kwenda Kajiado Bila Kuuliza Bei

Mkaaji wa Nairobi akipata siku moja ya kupumzika, mawazo yake hukimbilia Naivasha, au vilima vya Ngong, au Pwani kama mfuko unaruhusu. Mji wa Kajiado hautajwi. Huko watu huenda na shughuli: kufuatilia hatimiliki, kuhudhuria kesi, kumpeleka mtoto shule ya bweni, kuonana na ofisa wa kaunti. Wengine huuona kupitia dirisha la gari wakielekea Namanga na Arusha. Husimama kidogo, hununua maji, huendelea. Ni makao makuu ya kaunti yenye watu zaidi ya milioni moja, lakini wengi wetu tunaujua kama kituo cha njiani tu.

Mimi nakaa Kitengela, kilomita kama 50 kaskazini mwa Kajiado, katika barabara hiyohiyo. Jumamosi moja nikaamua kwenda huko bila shughuli yoyote: nitembee, ninywe chai, nitazame watu, nirudi jioni. Jirani yangu aliponiona nafunga lango aliniuliza naelekea wapi, nikamwambia. Hakushangaa. Aliuliza tu, "Huko ploti zimefika ngapi sasa?"

Swali lile halikuwa na ubaya. Ndilo swali letu sote upande huu. Tukiambiwa fulani amehamia Isinya, twauliza alinunua kwa ngapi. Tukisikia barabara inawekwa lami, twapiga hesabu ya ekari. Hata matangani, marehemu akishazungumziwa vya kutosha, maneno hurudi kwenye futi hamsini kwa mia. Garini nikawa nalitafuna swali la jirani. Mtu aliyezoea kupima kila mahali kwa bei, anabaki na njia gani nyingine ya kupajua?

Kitengela yenyewe imekua juu ya swali hilo. Wenyeji wa zamani wanakijua kituo hiki kwa jina la Noonkopir, na jina hilo bado lipo katika shule zetu. Kizazi kimoja tu nyuma palikuwa nyika ya malisho, sehemu ya ardhi ya Wamaasai wa Ilkaputiei, iliyomilikiwa kwa pamoja chini ya mfumo wa ranchi za vikundi ulioletwa na sheria ya mwaka 1968. Kila mwanachama alikuwa na haki ya kuchunga, na hakuna aliyekuwa na kipande chake peke yake. Kisha, kuanzia miaka ya 1980, ranchi ikaanza kugawanywa, kila familia ikapata cheti chake, na cheti kinaweza kuuzwa kwa namna ambayo haki ya kuchunga haikuweza. Sheria ya maeneo ya viwanda vya kuuza bidhaa nje ikapitishwa mwaka 1990, EPZ ikajengwa Athi River, wafanyakazi wakatafuta vyumba vya kupanga, na hatua chache tu kusini ardhi ilikuwa nafuu. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 687,312 katika Kajiado nzima. Ile ya 2019 ikahesabu 1,117,840. Wengi wa walioongezeka wako huku kaskazini, Kitengela, Rongai, Ngong na Kiserian, mahali ambapo Nairobi imevuka mpaka wake.

Nami ni mmoja wao. Nyumba ninayolala imesimama juu ya udongo ule mweusi unaong'ang'ania viatu wakati wa masika na kupasuka nyufa za kuingiza mkono wakati wa kiangazi. Maji yangu huletwa na boza, kwa kuwa ya kisima yana chumvi. Sisemi haya kwa majuto. Watu lazima wakae mahali, na mwalimu au fundi asiyeweza kulipa kodi ya Nairobi hana kosa akija Kitengela. Wala mzee aliyeuza ekari zake hakuwa mjinga kama tunavyopenda kusimuliana. Aliuza kulipa karo ya chuo, au deni la hospitali, au kwa sababu ukame ulikuwa umemaliza ng'ombe na ardhi ndiyo pekee iliyobaki mkononi. Wapo waliouza wakajenga nyumba za kupangisha, na leo wanaishi vizuri kuliko wapangaji wao.

Lakini kuna jambo moja ambalo halifai kuachwa. Tukiwa wanunuzi tunapenda kusema kwamba huku palikuwa patupu. Historia inasema vingine. Mwaka 1904 serikali ya Waingereza ilifanya mkataba na viongozi wa Wamaasai, akiwemo laibon, yaani kiongozi wa kiroho, Olonana, ambaye Nairobi inamkumbuka kama Lenana. Wamaasai wakaondolewa katika Bonde la Ufa, pande za Naivasha na Nakuru, ili walowezi wapate nafasi, wakaachiwa hifadhi mbili: ya kaskazini huko Laikipia, na ya kusini huku. Mkataba uliahidi kudumu maadamu Wamaasai wapo duniani. Ulidumu miaka 7. Mkataba mwingine wa 1911 ukawataka wa Laikipia nao wahamie kusini pamoja na mifugo yao. Ole Njogo na wenzake wakaenda mahakamani mwaka 1913, wakashindwa, kwa hoja kwamba mikataba ile ilikuwa ya kiserikali na mahakama haikuwa na uwezo wa kuiamua. Kwa hiyo nyika hii ya kusini, ambayo ndiyo Kajiado na Narok za leo, ndiyo walikosukumwa watu waliokwisha kunyang'anywa kwingine. Anayeiita tupu hajaisoma.

Ukitoka Kitengela kuelekea kusini, kwa muda mrefu ni mabango yanayokusindikiza: hatimiliki iko tayari, umeme uko karibu, lipa kwa awamu. Pole kwa pole nyumba zinapungua, nyaya za ua zinabaki. Mkono wa kulia, mbali, vilima vya Ngong vinaonyesha migongo yao. Mkono wa kushoto nyika inakwenda mpaka jicho linachoka. Kisha mahema ya plastiki ya wakulima wa maua, kisha Isinya, ambako njia ya kwenda Kiserian inachepuka na ambako kinamama wa Kimaasai wamefanya kazi ya shanga kwa miaka mingi katika kituo cha mafunzo cha kanisa. Garini mwanamke aliyepakata mfuko wa chakula cha kuku alikuwa akizungumza na dereva juu ya mvua, imenyesha wapi na imeruka wapi. Walitaja vilima na makorongo kwa majina, kimoja baada ya kingine, mahali ambapo mimi nilikuwa naona nyasi tu. Hilo lilinigusa. Miaka yote ninayopita barabara ile, sikuwahi kujua kwamba kila kiinuko kile kina jina.

Kajiado ni mji wa mtaa mkuu mmoja na vichochoro vyake. Unashukia stendi, bodaboda wanakuita, na mara moja unaona mji unaishi kwa nini. Duka la dawa za mifugo, duka la shuka, la mabati, la simu, tena la dawa za mifugo. Hoteli ndogo za chai na chapati. Upande mmoja ofisi za kaunti, upande mwingine makanisa na shule. Mto Olkejuado, ambao shule ya upili ya wavulana na lile baraza la zamani la wilaya vilichukua jina lake, kwa siku nyingi za mwaka ni mchanga mtupu wenye nyayo za mbuzi. Hakuna jumba la makumbusho lililonivuta, hakuna bustani ya kupigia picha. Mtu aliyezoea kupelekwa mahali na kuonyeshwa kitu atauliza: sasa nitazame nini?

Nilikaa kwenye benchi nje ya hoteli. Mzee alikuwa ameketi pale na fimbo yake, shuka begani, koti juu ya shuka.

"Sopa, mzee."

"Epa."

Nilidhani tumemaliza. Tulikuwa hatujaanza. Akaniuliza nimetoka wapi. Akauliza kama kule nilikotoka kumenyesha. Akauliza wazazi wangu wako wapi, na wako hai, na wana afya. Kama nina watoto, na wanasoma darasa la ngapi. Nami, kwa adabu, nikamrudishia maswali hayohayo, na kila moja lilijibiwa kwa utulivu, bila haraka. Chai ikaja, ikapoa nusu. Hapo ndipo akauliza, "Umekuja kuona shamba?"

"Hapana, mzee. Nimekuja kutembea tu."

Akacheka mpaka akakohoa. "Watu wa huko hawatembei," akasema. "Wanapima."

Akatoa kikopo cha ugoro, akaniachia nilifikirie neno lake.

Nimelifikiria sana. Huku kwetu salamu imekuwa mlango wa kuombea kitu. Simu ikilia, "habari yako" inasemwa upesi ili ombi lipite. Nami humsalimu jirani kwa kupiga honi langoni. Mzee yule alikuwa ananiweka mahali pangu kwanza: mtoto wa nani, kutoka wapi, mwenye mvua au mwenye ukame. Haja yangu ingefuata, na kama sikuwa na haja, basi tungekuwa tumeshafahamiana, nalo si jambo dogo. Tulipokuwa bado tumekaa, msichana mwenye sare ya shule alipita, akasogea, akainamisha kichwa. Mzee akamgusa utosini, msichana akaenda zake. Hakuna aliyesimamisha shughuli yake. Hata hivyo, kwa kugusa huko kidogo, mtoto alipewa habari kwamba yupo, anaonekana, na ana wakubwa.

Kuna watakaosema salamu ndefu ni za watu wenye wakati mwingi. Sikubali. Mfugaji wa Kajiado hana wakati mwingi kuliko karani wa Nairobi. Ana mbuzi wa kunywesha, karo ya kulipa, daktari wa mifugo wa kumtafuta. Anachofanya ni kuamua wakati wake aanze kuutumia wapi. Anaanza na mtu, sisi tunaanza na jambo, na mara nyingi jambo likiisha mtu naye ameisha.

Ule ugoro wa mzee haukuja hivi hivi. Ni tumbaku iliyosagwa na magadi, na magadi yenyewe huupitia mji huu kila wakati. Reli inayokatiza Kajiado ilijengwa kwa ajili ya kampuni ya magadi iliyoundwa mwaka 1911, ili kuyatoa ziwani Magadi mpaka Konza, ambako njia hiyo inaungana na reli ya kwenda Mombasa. Kazi ilikamilika wakati Vita vya Kwanza vya Dunia vikiendelea. Tangu hapo, kwa zaidi ya miaka 100, mabehewa yamekuwa yakipita hapa yamebeba unga mweupe kwenda viwandani na ng'ambo. Mama wa nyumbani anaujua kwa kijiko kimoja cha kulainishia maharagwe. Viwanda vinaujua kwa tani, kwa sababu kioo hutengenezwa kwa mchanga, magadi na chokaa. Chupa ya soda uliyoshika huenda ina kitu kutoka Kajiado ndani yake, kilichokurudia kikiwa na jina la kampuni nyingine kabisa.

Na chupa ikishatupwa, baadhi yake hufika tena huku. Ukingoni mwa nyika ya Kitengela, karibu na Mbuga ya Taifa ya Nairobi, msanii Nani Croze alianzisha karakana ya vioo ambayo ukoo wake uliendeleza. Vioo vilivyotupwa huyeyushwa katika tanuri, vikapulizwa vikawa bilauri na mitungi, vikakatwa vikawa madirisha ya makanisa. Watalii huenda huko na kustaajabu. Wachache hujua kwamba mwanzo wa safari ya kioo uko kwenye reli hiyo ya kusini, katika mji ambao hata hawakushuka.

Mji wa njiani hupitiwa na mali nyingi isiyoshuka. Magadi yanapita, marumaru na chokaa vinachimbwa jirani vikapakiwa malori, ng'ombe wanakwenda machinjioni Kiserian na Dagoretti, mabasi yanakwenda Arusha, na tangu kituo cha pamoja cha mpakani Namanga kifunguliwe rasmi mwaka 2018, malori husubiri kidogo kuliko zamani. Ukihesabu thamani ya vitu vinavyopita Kajiado, mji ni tajiri. Ukihesabu vinavyobaki, utahitaji hesabu ya namna nyingine, na hiyo haifanywi kutoka dirishani mwa gari.

Adhuhuri nilikwenda sokoni kulikokuwa na mbuzi na kondoo. Hapo nilipata somo lililonizuia nisiwe mhubiri, maana kama ni kuuliza bei, pale iliulizwa kila dakika. Mnunuzi anampapasa mbuzi mgongoni, anambana kiunoni, anageuza uso kana kwamba hamtaki. Mwenye mbuzi anatazama vilima kana kwamba hauzi. Dalali anazunguka kati yao akinong'ona. Wanaachana kwa hasira, wanarudiana kwa kicheko, noti zinahesabiwa, mbuzi anafungwa kamba. Wamaasai ni wafanyabiashara hodari wa mifugo, na mtu anayewaona kama watu wa picha za kalenda hajawahi kununua mbuzi kwao.

Kwa hiyo bei haina dhambi. Ina kazi yake, na sokoni inaifanya vizuri. Lakini nilimwuliza kijana mmoja juu ya mbuzi jike mweusi aliyekuwa pembeni, kama anauzwa. Akasema huyo amekuja kuwasindikiza wengine tu wasitawanyike. Mama yake alikuwa wa bibi yake, na huyo atarudi nyumbani. Alimjua ukoo. Katika kundi lilelile walikuwepo wa kuuzwa na asiyeuzwa, na kijana hakuona ugumu wowote katika kuwatofautisha.

Ukame ndio unaofundisha tofauti hiyo kwa ukali. Mwaka 2009, na tena 2022, mvua zilikatika, malisho yakaisha, na ng'ombe waliokonda wakauzwa kwa bei ya kutupa ilhali wengine walikufa kabla ya kufika sokoni. Ng'ombe ni yuleyule aliyelea watoto kwa maziwa, aliyetolewa mahari, aliyetajwa kwa rangi yake katika nyimbo. Bei yake ikashuka mpaka haikutosha nauli ya lori. Bei ilisema ukweli mmoja, kwamba siku ile hakuna aliyemhitaji. Haikuweza kusema kilichokuwa kinapotea, kwa kuwa hiyo si lugha yake. Nadhani makosa yetu mengi yanatoka hapo: tunaiuliza bei maswali isiyoyajua, kisha tunaamini majibu yake.

Na kuna vitu ambavyo mji huu ulisema wazi kwamba havina bei. Shule ya msingi ya wasichana ya kanisa la AIC ilianzishwa hapa Kajiado mwaka 1959, wakati ambapo kumpeleka binti shule lilikuwa jambo la kubembelezana. Baadaye, hasa chini ya mwalimu mkuu Priscilla Nangurai, mwenyewe binti wa Kimaasai, ikawa kimbilio la wasichana waliokuwa wanatoroka ukeketaji na ndoa za utotoni. Wengine walikuwa wameshachumbiwa, ng'ombe wa mahari wakiwa wameshaanza kuhesabiwa. Hayo yalianza kabla Sheria ya Watoto ya 2001 haijapitishwa, na kabla ya sheria ya 2011 ya kupiga marufuku ukeketaji. Mwalimu hakuwa na kifungu kizito cha kukishikilia. Alikuwa na mlango wa shule, na uamuzi wa kuufungua.

Nasimulia hili kwa uangalifu, kwa kuwa ni rahisi mtu wa mjini kulitumia kujitukuza na kuwadharau wenye mahari. Mahari katika asili yake huunganisha koo mbili, na baba anayepokea ng'ombe hajioni muuzaji. Lakini njaa ikiingia, au deni, jambo la heshima linaweza kugeuka biashara bila kubadili jina. Nangurai na wenzake walikuwa watu wa ndani. Walijua desturi ilikuwa na maana gani ilipokuwa nzima, ndiyo maana waliweza kutambua ilipoharibika. Mgeni angeona ng'ombe na msichana tu. Mwenyeji aliona baba mwenye hofu, mama asiyesikilizwa, mtoto wa darasa la sita, na njia ya kurudiana baadaye. Kujua mahali kwa ndani ndiko kunakompa mtu haki na uwezo wa kupakosoa.

Jambo la mwisho lililonikaa kichwani siku ile liko nyumbani, Kitengela. Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyotengwa mwaka 1946, imezungushiwa ua pande zote isipokuwa kusini, mtoni. Upande huo uliachwa wazi kwa kuwa nyumbu na pundamilia walikuwa wakitoka wakati wa mvua na kutawanyika katika nyika ya Kitengela na Kaputiei, kisha kurudi kiangazi. Nyika ilipokatwa vipande na kuzungushiwa nyaya, njia zao zikazibwa, na nyumbu waliokuwa wakihesabiwa kwa maelfu mengi wakapungua sana. Simba nao wakiwafuata huingia mabomani na kuua ng'ombe, na wachungaji huwaua kwa kulipiza. Kijana wa huku, Richard Turere, akiwa bado mtoto, aliunganisha taa za kumulika na kuzima, betri na paneli ya jua kuzunguka boma la baba yake, simba wakadhani mtu anatembea na tochi. Mwaka 2013 aliieleza dunia kazi yake kwenye jukwaa la TED huko Marekani, akiwa na miaka 13.

Taa zilitatua usiku. Ardhi ilihitaji jibu lingine. Mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa kuwalipa wenye ardhi jirani na mbuga dola 4 kwa ekari kwa mwaka, mradi wasizungushie ua, wasichimbe mawe, wasiuze vipande, wawaachie wanyama wapite. Malipo yalipangwa yafike shule zinapofunguliwa, ili yawe karo. Dola 4 zilikuwa kama shilingi 300. Ukizilinganisha na bei ya ekari moja Kitengela, ni kichekesho. Dalali yeyote angekwambia mwenye ardhi huyo hajui anachokifanya. Hata hivyo familia nyingi ziliingia katika mpango huo.

Ni kosa kudhani hawakujua bei. Mabango ya ploti yalikuwa yanaonekana kutoka bomani kwao, na wanunuzi walikuwa wanabisha hodi. Walijua bei vizuri, wakaweka mizani nyingine kando yake: ng'ombe wao nao wanahitaji nyika isiyo na waya, karo inahitajika kila muhula na si mara moja tu, ardhi ikishauzwa mjukuu hana pa kuchungia, na wanyama wale walikuwepo kabla ya babu. Pesa ndogo iliwasaidia kusubiri. Wengine walishindwa kusubiri wakauza, na hakuna wa kuwalaumu. Lakini waliosubiri ndio sababu mtu akitoka kwenye msongamano wa Kitengela bado anaweza kukuta uwazi.

Nikirudi kwenye swali langu la asubuhi, la mtu aliyezoea kupima kwa bei, siku ile ilinipa jibu la sehemu. Njia nyingine za kujua mahali zipo na hazihitaji elimu kubwa. Kuna kujua kwa majina, kama yule mwanamke wa garini na vilima vyake. Kuna kujua kwa salamu. Kuna kujua kwa ukoo, kama kijana na mbuzi wake mweusi. Kuna kujua kwa kuwajibika, kama mwalimu aliyefungua mlango. Zote zinadai kitu kimoja ambacho mnunuzi mara chache huwa nacho, nacho ni kukaa bila kutaka kuchukua. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji hawezi kupona kwa mgeni ambaye macho yake yako kwenye mipaka ya shamba.

Sidai kwamba matembezi ya Jumamosi moja yanamfanya mtu mwenyeji. Nilinunua chai, chapati na bangili ya shanga, nikalipa nilichoombwa, nikapanda gari kurudi. Kajiado haikupata faida kubwa kwangu. Ila nafikiri wapangaji na wamiliki wa ploti wa Kitengela, Isinya na kwingineko tungefanya vyema kushuka mara mojamoja katika miji hii tunayoipita, kwa sababu iliyo karibu sana na maisha yetu. Katiba ya 2010 inataka wananchi washirikishwe katika mipango ya kaunti zao, na mipango ya matumizi ya ardhi ni mojawapo. Barabara ipite wapi, machimbo yafunguliwe wapi, malisho gani yasikatwe, mto gani usijengwe ukingoni: mambo hayo hujadiliwa katika mikutano ambayo sisi wageni huenda tu pale ploti zetu zinapoguswa, tukiwa na hoja moja, ya fidia. Tunawaachia wenyeji peke yao kazi ya kusema kwamba mahali fulani pana maana, kisha tunashangaa wakishindwa na mwenye pesa.

Sisi ni zaidi ya nusu ya watu katika miji hii ya kaskazini, na kura zetu zinahesabiwa Kajiado. Mahali ambapo wakaaji wake wengi wanapajua kwa bei tu hapana wa kupatetea siku atakapokuja mtu mwenye bei kubwa zaidi, na hilo litatukuta sisi pia, na nyumba zetu, na watoto wetu waliozaliwa juu ya udongo huu mweusi na hawana kwao kwingine. Basi kabla ya mkutano ujao wa kaunti, mtu ashuke mjini, asalimu wazee, aulize kilima kile kinaitwaje na mto ule hufurika mwezi gani. Ataingia ukumbini akiwa na neno la pili la kusema.